Chupa Isiyouzwa

Chini ya kitanda cha mjomba wangu palikaa chupa moja ya bia ya Primus yenye asali, isiyouzwa. Zile nyingine, zenye asali ileile, alizipanga kikapuni zikiwa zimezibwa kwa magunzi ya mahindi, akateremka nazo kutoka milima ya Fizi hadi soko la Baraka, kando ya Ziwa Tanganyika, akarudi na chumvi, sabuni na ndagala wakavu. Hii moja ilibaki. Ilikuwa ya wagonjwa, na mgonjwa hakulipa kitu.

Nazungumzia mwaka 1990, nilipokuwa na miaka tisa. Kijiji chetu kilikuwa kwenye mteremko, mahali ambapo asubuhi ukitoka nje unaliona ziwa, na rasi ya Ubwari imelala majini kama mtumbwi uliopinduliwa. Duka la dawa halikuwepo. Kituo cha afya kilikuwepo, ila ni mwendo wa nusu siku kwa miguu, na mara nyingi ulikuta kabati tupu. Kwa hiyo kila nyumba ilikuwa na dawa zake: mubirizi uani, mchaichai karibu na jiko, tangawizi, magome ya mwembe yaliyokaushwa juani. Kwetu kulikuwa na asali pia, kwa sababu mjomba alikuwa mrina.

Mizinga yake ilikuwa magogo yaliyotobolewa katikati na kuzibwa ncha zote mbili, yakatundikwa juu ya miti kwa kamba za magome. Alirina usiku, wakati wa kiangazi. Mara ya kwanza kuruhusiwa kumfuata nilikaa chini ya mti nikiwa nimejifunika blanketi, nikamwona akipanda na furushi la majani mabichi lililofungwa kwa magome makavu, likifuka moshi bila kuwaka. Nyuki walinguruma kama mvua inayokuja. Yeye hakuharakisha. Alipuliza moshi upande mmoja wa mzinga, akangoja wasogee, ndipo akaingiza mkono na kukata masega ya nyuma tu, yenye asali iliyokwisha kufunikwa na nta. Ya mbele, yenye watoto wa nyuki, hakuyagusa. Nilipomwuliza mbona ameacha mengi, alijibu akiwa bado juu: «Ukikata yote, mwakani utarina moshi.»

Kulikuwa na nyuki wengine pia, wale wadogo wasiouma, wanaokaa ndani ya matundu ya miti na kutengeneza mlango wao kwa nta kama mrija mwembamba. Asali yao ni nyepesi, ina uchachu kidogo, na haifiki kikombe kimoja. Hiyo mjomba hakuipeleka sokoni hata siku moja. Iliingia moja kwa moja katika ile chupa ya chini ya kitanda.

Mimi mwenyewe niliponywa na chupa hiyo. Mama alikuwa akichemsha mawese, sufuria ikainama, mafuta yakanimwagikia mguuni kuanzia goti hadi kifundo. Jirani alikuja mbio na majivu, mwingine akapendekeza yai. Mjomba aliwasukuma wote, akanibeba hadi kijitoni, akanikalisha kwenye jiwe mguu ukiwa ndani ya maji yanayotiririka. Tulikaa pale muda mrefu hata meno yakawa yanagongana kwa baridi. Nyumbani alichemsha maji, akayaacha yapoe, akaosha, kisha akamimina asali juu ya kitambaa kilichochemshwa na kuanikwa, akanifunga. Juu yake aliweka jani changa la ndizi alilolipitisha motoni likalainika, ili kitambaa kisigande nguoni. Siku ya pili akafungua, akanusa. Alinusa kila siku. Sikujua kwa nini, hadi nilipokua nikafunga vidonda vya watu wengine: kidonda kinachooza hujitangaza kwa harufu kabla ya kujitangaza kwa macho. Leo nina alama ya rangi tofauti kwenye muundi, basi. Ngozi haikukunjamana, na goti linakunjika lote.

Baadaye, darasani, nilielezwa kilichotokea chini ya kile kitambaa. Asali ni sukari tupu yenye maji machache, kama sehemu 18 katika 100, kwa hiyo hunyonya maji ya vijidudu vinavyotaka kuishi ndani yake. Ina ukali wa asidi. Na nyuki huitia kimeng'enya ambacho, asali inapochanganyika na unyevu wa kidonda, hutoa kidogo kidogo dawa ileile tunayoijua katika chupa za hospitali, hidrojeni peroksaidi. Nilisikia furaha isiyo na kifani siku ile. Mjomba hakuwahi kusikia maneno hayo, lakini mkono wake ulifuata kila hatua ya somo lile. Mwaka 2007 Marekani iliruhusu bandeji zenye asali zitumike hospitalini, asali ambayo kwanza imepigwa mionzi ili kuua mbegu za vijidudu vilivyojificha ndani. Hiyo ni tofauti kubwa na ya mjomba, nami nitairudia.

Mubirizi ulikuwa adui wetu sisi watoto. Majani yake yalifikichwa ndani ya maji hadi yakatoa povu la kijani, ukabanwa pua, ukanywa. Uchungu wake unakaa nyuma ya ulimi mpaka jioni. Ulikuwa wa minyoo, wa tumbo, wa homa ya kuanza. Nilipokuwa mtu mzima nilisoma habari iliyonifanya nimkumbuke mama na kile kikombe chake. Ng'ambo ya ziwa letu, kusini ya Kigoma, iko milima ya Mahale wanakoishi sokwe. Mwezi wa Novemba 1987 mtafiti Michael Huffman alikuwa pale pamoja na Mohamedi Seifu Kalunde, Mtongwe aliyezijua dawa za miti za watu wake. Walimwona sokwe jike aitwaye Chausiku, mgonjwa, amelegea, hachezi na mwanawe. Akauendea mti huohuo wa mubirizi, ambao Watongwe wanauita mjonso, akamenya tawi changa, akatafuna kiini chake, akafyonza maji na kutema nyuzi. Sokwe wazima huwa hawaugusi hivyo. Mzee Kalunde ndiye aliyemwambia mwenzake kwamba ile ni dawa, na kwamba watu wake wanaitumia kwa tumbo na homa. Kesho yake Chausiku alikuwa amepata nafuu. Ziwa ni moja, mti ni mmoja, na hata jirani zetu wa msituni waliujua.

Lakini jambo ambalo sikulithamini utotoni, na ambalo leo naliona kubwa kuliko asali yenyewe, ni namna mjomba alivyosema hapana.

Kwetu neno munganga ni mtu wa hospitali, awe daktari au nesi. Mwenye miti na ramli ni mufumu. Mjomba hakuwa huyu wala yule, na hakutaka kuitwa jina lolote. Alikuwa mrina asali mwenye chupa chini ya kitanda. Aliletewa kikohozi, akatoa kijiko. Aliletewa kidonda, jipu lililopasuka, midomo iliyochanika, kisigino kilichopasuka ambacho alikipaka nta iliyoyeyushwa katika mawese, na fizi zinazouma, ambazo alizisugua kwa ile gundi nyeusi ambayo nyuki huzibia nyufa za mzinga. Mtoto mwenye degedege alipoletwa usiku, hakufungua chupa. Alimshika kichwa, akamtazama macho, akasema: «Huyu si wangu. Mpelekeni kwa waganga.» Vivyo hivyo kwa mama aliyetokwa damu baada ya kuzaa, na kwa mtu aliyeharisha maji meupe kama ya kuoshea mchele. Na hakusema tu. Yeye ndiye aliyekata miti ya tipoi, yaani machela, akaita vijana wanne, akashika ncha ya mbele mwenyewe. Mguu wake mmoja ulikuwa na kovu alilolipata gizani kwenye njia hiyo, akiwa amebeba mgonjwa ambaye hakuwa ndugu yake.

Mwishoni mwa 1996 vita vilifika. Uvira ilianguka mwezi wa Oktoba, na habari zikatufikia kabla ya askari. Tuliteremka usiku hadi ziwani. Mama alibeba mdogo wangu na sufuria, mimi nilibeba unga. Mjomba alibeba chupa moja ameifunga tumboni kwa kitenge. Mitumbwi ilikuwa imejaa mno, mawimbi yakituingia, watu wanatapika. Katikati ya maji, mbali na nchi kavu pande zote, alizungusha chupa ile na kila mtu akachovya kidole. Mpaka leo nikionja asali ya milimani nausikia ubaridi wa ziwa usiku ule.

Huko Tanzania tuliwekwa kambi ya Lugufu, ndani ya pori la miombo. Kwa mjomba ilikuwa mateso ya pekee. Miti ya nyuki ilimzunguka, maua ya miombo yananukia, lakini mkimbizi hakuruhusiwa kutoka mbali na kambi bila kibali. Aliishi kwa posho kama sisi wote, unga wa mahindi, kunde, mafuta, chumvi. Waha wa vijiji vya jirani walikuja na asali yao wakiiita ubuki, neno ambalo sisi wa Kongo tulilitambua mara moja, maana kwetu watu wengi husema buki. Alibadilishana nao unga kwa kikombe kimoja, akakiweka chini ya kitanda cha miti. Na wagonjwa wakaanza kuja tena, mlangoni mwa hema letu, wakati hospitali ya kambi haikuwa mbali. Wa kikohozi aliwapa kijiko. Wengine aliwaambia lilelile: huyu si wangu.

Alifariki palepale Lugufu. Kifua kilimshika, akawa anapumua kwa mbavu. Mama yangu, dada yake, alimkorogea asali na tangawizi, akamletea kitandani. Alikisukuma kikombe taratibu. «Dada yangu, hii haifiki huko chini. Nipelekeni kwa waganga.» Tulimpeleka, akapewa sindano na hewa, akaishi siku tano. Alituonyesha hata juu ya mwili wake mwenyewe kwamba chupa ile ina mwisho wake. Ndiyo sababu nikasoma unesi.

Safari za kurudi zilianza Oktoba 2005, meli ikitoka Kigoma kuja Baraka. Sisi tulipanda meli ya Mwongozo mwaka 2007. Baraka niliyoikuta haikuwa ile ya vikapu vya mjomba. Ilikuwa imefura: vibao vya mashirika kila kona, pikipiki, simu, nyumba za mabati zikipanda kilima. Watu walikuwa wakirudi kwa maelfu, na kipindupindu kikiwasubiri katika maji ya ziwa. Nikapata kazi. Miti niliyoijua mlimani mingi ilikuwa imekwisha kuwa makaa.

Asali ilikuwepo sokoni, lakini mara nyingi ni sukari iliyochemshwa na kutiwa rangi. Watu hukufundisha kuipima kwa kijiti cha kiberiti au kwa sisimizi. Vipimo hivyo havina uhakika. Nimeona asali halisi ikikataa kuwaka kwa sababu ina unyevu, na sisimizi wakiikimbilia asali njema. Kinachofaa ni kumjua mtu aliyeirina.

Kisha ikaja asali ya makopo. Simaanishi asali yenyewe, ila vidonge: chavua ya nyuki, gundi ya nyuki, maziwa ya nyuki, vilivyoviringishwa pamoja na miti ambayo majina yake yameandikwa kwa herufi ndogo sana. Vililetwa na watu waliovaa tai, wenye kimashine unachokishika kwa mkono mmoja, na skrini ikakutajia maradhi ya ini, figo, mgongo na damu kwa mara moja. Walifanya mikutano katika kumbi na chini ya maturubai. Kila kopo lilitibu kila kitu. Aliyenunua alishawishiwa auze, na aliyeuza alikuwa jirani yako, shemeji yako, mtu wa kanisani kwako. Hapo ndipo ugumu ulipo, kwa sababu hukuambiwa na mgeni. Uliambiwa na mtu anayekupenda.

Mama yangu alikuwa na kisukari. Dawa zake alizipata kila mwezi, vidonge vya kawaida tu, vya bei nafuu. Nilikuwa nimetumwa kazini vijijini, majuma saba. Katika majuma hayo alishika kile kimashine, akaambiwa damu yake ni chafu na kwamba vidonge vya hospitali ndivyo vinavyoichafua. Akaambiwa aviache, atumie makopo matatu, na kila asubuhi alambe kijiko cha asali safi, «kwa sababu sukari ya nyuki haina madhara». Aliuza kitenge chake cha harusi ili anunue. Aliamini kwa sababu ya kaka yake. Asali ilikuwa imetusaidia mlimani na ziwani, ingetuacha vipi sasa?

Nirudi kwenye hesabu ambayo kila mwenye kisukari anastahili kuijua. Katika gramu 100 za asali, karibu 80 ni sukari. Mwili wa mgonjwa hauulizi kama imetoka kwa nyuki au kwa muwa.

Niliporudi nilimkuta ameketi kibarazani, amekonda, anakunywa maji kila mara. Alinisalimu akicheka. Nilimvua kiatu cha plastiki nikakuta kidole kidogo cha mguu wa kushoto kimekuwa cheusi, na katikati ya vidole unyevu, na ile harufu ambayo mjomba aliitafuta kila asubuhi kwenye mguu wangu. Mama hakusikia maumivu yoyote. Kisukari kilikuwa kimeua mishipa ya fahamu ya unyayo, akawa ametembea juu ya jiwe dogo ndani ya kiatu, hajui kwa muda gani. Nilimtoboa kidole cha mkono nikapima. Kipimo hakikutoa namba, kiliandika herufi mbili tu za kusema sukari imepita pale kinapoweza kuhesabu. Tulipoteza mguu wake chini ya goti. Yeye mwenyewe hatukumpoteza, namshukuru Mungu, lakini mlima wetu hajaupanda tena.

Yule aliyemwuzia alikuja kumwona hospitali, akalia. Alikuwa mwanamke wa mtaa wetu, mjane mwenye watoto watano, naye makopo yaleyale alikuwa akiyanywa kwa presha. Sikuwa na neno la kumwambia zaidi ya kumwomba aje nimpime.

Mwaka 2020, corona ilipokuja, nilishuhudia tena watu wakikimbilia sufuria: mubirizi, tangawizi, ndimu, asali, na artemisia ambayo wengi walikuwa wameipanda uani. Kunywa kitu cha moto chenye asali ukiwa na kikohozi sikuona ubaya wake, na Shirika la Afya Duniani lenyewe liliitaja asali mwaka 2001 miongoni mwa vitu vya kutuliza kikohozi cha watoto. Artemisia ni habari nyingine. Ndani yake imo kweli dawa ya malaria, na Mchina Tu Youyou alipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2015 kwa kuitoa humo. Lakini kikombe cha chai yake leo kina nyingi na kesho kina kidogo, na malaria ikipewa kidogo hujifunza kuikwepa dawa. Ndiyo sababu mwaka 2019 shirika hilohilo lilisema haliungi mkono chai hiyo. Katika Fizi yetu, ambako malaria ndiyo inayojaza vitanda vya watoto, sithubutu kucheza na silaha hiyo.

Kuna jambo moja ambalo wazee wetu walikosea, na mjomba pia. Mtoto aliyezaliwa alipakwa asali mdomoni kabla ya kunyonya, ili maneno yake yawe matamu. Nilimwona mdogo wangu akifanyiwa hivyo, mjomba akitabasamu. Asali mbichi inaweza kubeba mbegu za kijidudu ambacho tumbo la mtu mzima hukishinda, lakini tumboni mwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja huota na kutoa sumu inayolegeza mwili: mtoto hapati choo, kilio kinadhoofika, shingo haishiki, pumzi zinapungua. Zile bandeji za Marekani hupigwa mionzi kwa sababu ya mbegu hizohizo. Mdogo wangu hakudhurika. Mjomba angejua, najua bila shaka kwamba angesema juu ya watoto wachanga lile neno lake.

Chini ya kitanda changu, hapa Baraka, ipo chupa. Naijaza kwa asali ya kijana mmoja wa mlimani ambaye huacha masega ya mbele. Watu wanakuja, kikohozi nawapa, kidonda kidogo nakifunga, wengine nawasindikiza hadi wanakopaswa kufika.

Wewe unayesoma, kama mzazi wako ana kisukari, mwulize leo kama bado anameza vidonge vyake. Usitosheke na jibu. Jioni mkalishe penye mwanga, mvue viatu, umtazame nyayo na katikati ya kila kidole.